Mita ya Kushoto

Jumanne, 6 Januari

Baba Watoto,

Salamu zetu zikufikie huko kambini kwenu kwenye ujenzi wa barabara, kusikoshika simu. Watoto wazima. Mdogo kang'oka jino na ameniapisha nikuandikie habari hiyo kabla ya nyingine zote. Haya, nimeshaandika. Sasa tafuta pa kukaa.

Bili ya umeme imekuja. Uniti mia nne hamsini na tano! Nimeisoma mara tatu nikidhani wameniletea ya karakana ya mtu.

Tulijua itapanda. Tangu baba yako atoke hospitali na ile mashine ya oksijeni mwezi wa kumi na moja, tulisema tutajibana, mapafu yake ndiyo hayo yaliyobaki. Lakini Baba mwenyewe kapiga hesabu, unamjua. Kwa hesabu yake, mashine ingurume usiku na mchana, sisi nasi tuishi kama binadamu, haizidi mia tatu thelathini na kitu. Hizo nyingine zinaliwa na nani?

Basi nyumba imekuwa ofisi. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi Baba yuko kwenye kiti chake dirishani, mpira puani, daftari mapajani, na mimi na kanga yangu natumwa nje kwenye kile kisanduku cha ukutani. "Ya kushoto, binti yangu! Soma ya kushoto!" Kama vile mimi mgeni hapa. Ya kulia ni ya Mama Barafu, yule aliyehamia nusu ya pili baada ya mwenye nyumba kuigawa kwa ukuta. Mafundi walikuja mwezi wa kumi wakafunga mita zote mbili siku moja, mpyaa. Nasoma namba kwa sauti, Baba anaandika, anatikisa kichwa, siku yangu imeshaharibika kabla sijanawa uso.

Nimefanya kila kitu. Balbu moja tu inawaka, sebuleni. Pasi ya umeme nimeifungia kabatini, nguo za wateja nazipiga kwa pasi ya mkaa, tena nje kabisa uani, moshi usimfikie Baba. Watoto wanaoga maji ya baridi wakipiga kelele kama wanachunwa.

Nikamwambia Baba labda mita ni mbovu. Mungu wangu, heri ningetukana! Akasema, "Miaka thelathini na moja nimezunguka nikisoma mita, na kila mlango niliambiwa neno hilo. Mita haina ubaya, binti yangu. Ubaya uko ndani ya nyumba." Ndani ya nyumba nipo mimi. Wewe uko kambini, watoto wako shule, yeye yuko kwenye kiti.

Kuna njia moja ya kujua, na hata mtoto angeiwaza: zima kila kitu, toka nje, angalia kama mita inatembea. Lakini kuzima kila kitu maana yake kuzima na mashine, na mimi siwezi kumzimia mtu pumzi eti nifanye majaribio. Hata dakika tano siwezi. Nikisikia tu inabadilisha mlio moyo unanipasuka.

Tuma chochote. Dereva wa lori la dizeli anaondoka Alhamisi kama kawaida, nampa barua hii mkononi.

Mkeo

*

Jumamosi, 10 Januari

Mama Watoto,

Barua nimeipata. Mwambie huyo mwenye pengo kwamba baba yake amefurahi, na asilichokonoe kwa ulimi.

Sasa tuseme ukweli. Umeme haunyweki wala haumwagiki. Ukitumika, kuna mtu kautumia. Mimi nimekulia kwenye nyumba ya msoma mita, nimelelewa kwa hesabu za uniti kabla sijajua kuhesabu vidole. Baba akisema ubaya uko ndani, uko ndani. Mia na ishirini za ziada si balbu iliyosahauliwa.

Sikutuhumu. Nauliza tu. Una hakika ile pasi iko kabatini? Wateja wa nguo wakizidi, mtu hushawishika. Na yule dada yako, bado anakuja kuchaji simu zake tatu na kukausha nywele? Nauliza kama mume. Mtu anaweza kufanya jambo kwa nia njema, akaona haya kulisema.

Usiende kwenye ofisi za umeme kulalamika. Pale bado kuna watu waliofanya kazi na Baba. Unataka waseme familia ya Msoma Mita inabisha mita? Utamuua kwa aibu kabla mapafu hayajamuua.

Mshahara umechelewa kidogo, ni mambo ya karatasi tu. Nitatuma wiki ijayo.

Mumeo,
Mzee wa Greda

*

Jumatano, 21 Januari

Mwanangu,

Nakuandikia peke yangu, na barua hii nimempa dereva mwenyewe alipopita kusalimia. Mkeo hajui. Isome, uichane.

Kwanza, mkeo hana kosa. Alinisomea barua yako kwa sauti, na alipofika kwenye ile habari ya pasi aliruka mistari, lakini macho yake sikuyaruka. Mimi nimekaa na huyu mtoto wa watu miezi mitatu kutwa nzima. Nimemchunguza kama nilivyokuwa nawachunguza wezi wa umeme. Anapiga pasi juani mpaka mikono imebabuka. Umwombe radhi.

Pili, kama si yeye, nani? Nimepitia daftari langu ukurasa kwa ukurasa. Watoto hapana. Friji ni dogo. Nyumba hii ina mlaji mmoja tu mkubwa, naye ni mimi. Mashine imeandikwa nyuma wati mia tatu na hamsini, lakini mashine hii imetumika hospitali kabla ya kuuzwa kwetu, na kitu kikuukuu hula kuliko kilivyoandikwa. Hayo ndiyo maelezo. Sina mengine, na miaka yangu yote kazini sikuwahi kukosa maelezo.

Kwa hiyo nimeanza kuizima. Usishtuke. Mkeo akitoka kupeleka nguo za watu, saa tatu mpaka saa sita, nanyoosha mkono nabonyeza. Siku ya kwanza niliona giza. Siku ya tatu nilikaa saa nzima bila taabu kubwa. Sasa nafika saa mbili na nusu. Nahesabu pumzi, sisemi, sijitikisi. Nikisikia lango nawasha. Mwili unazoea, mwanangu, ni suala la mazoezi.

Kinachonikera ni hiki: namba haishuki. Nimeondoa karibu uniti moja kila siku na mita inakwenda kama haijaambiwa. Labda friji. Nitaongeza saa, tuone.

Mfano mzuri tunao hapo ukutani. Mama Barafu ana mafriza matatu yamejaa vifuko vya barafu anavyouza sokoni, na bili yake ni ndogo kuliko yetu. Mwanamke anajua kutumia umeme. Nimemwambia mkeo akajifunze kwake, naye akabeba kikapu chake cha nguo akaondoka.

Usimwambie habari ya mashine. Atalia, na akilia hataniacha peke yangu tena, na hesabu yangu itaharibika. Nakuomba kama baba yako.

Msoma Mita, mstaafu

*

Jumatano, 4 Februari

Baba Watoto,

Sikuulizi habari za huko. Nina hasira nawe, na nina haki.

Bili mpya hii hapa mezani: mia nne na themanini na sita. Imepanda! Friji nimeliuza, tena si la kuuliza, nimeliuza tangu tarehe ishirini na tatu kwa muuza vipuri wa mtaa wa pili, kwa bei ya kutupa, na pesa nimelipia sehemu ya ile bili ya kwanza. Feni nimeiuza. Redio inatumia betri. Watoto wanasomea kwa jirani wa mbele, naona haya kila jioni kuwatuma na madaftari yao kama ombaomba. Sasa niambie wewe uliyekulia kwenye hesabu, kwenye nyumba yenye balbu moja na mashine moja, nani anakula umeme wangu? Dada yangu na nywele zake? Dada yangu hajakanyaga hapa tangu Krismasi!

Pasi iko kabatini. Njoo uipapase uone kama ni ya moto.

Na siku hiyohiyo, Mama Barafu kaja mlangoni anacheka mpaka gego la mwisho, bili yake imeshuka. "Jirani, sijui nimefanya nini, joto lote hili nagandisha barafu mchana kutwa na bili inashuka! Mungu hamwachi mja wake." Akatugawia vifuko vinne vya barafu kusherehekea. Nikavipokea nikasema asante. Nilivyofunga mlango nilivitupa kwenye beseni nikakaa chini nikalia. Baba aliniuliza, "Imeshuka kwa uniti ngapi?" Nikamwambia sijui, na sitaki kujua. Akasema ningeuliza.

Baba hali yake siipendi. Kucha zimekuwa za bluu. Nikirudi kutoka kwa wateja namkuta ametota jasho na hawezi kumaliza sentensi, halafu jioni anarudi kidogo. Namuuliza, Baba vipi? Ananiambia joto. Nataka kumpeleka hospitali, anakataa, eti tusiongeze gharama. Mashine inafanya kazi, nimeisikiliza, inanguruma vilevile. Sasa kwa nini anazidi? Niandikie, wewe ni mwanawe, labda utajua cha kumuuliza.

Na pesa ya wiki ijayo ni ya wiki ijayo ipi?

Mkeo

*

Jumamosi, 7 Februari

Mama Watoto,

Nisamehe kwa ile habari ya pasi. Nilikosea, basi.

Sijalipwa tangu Desemba. Sikutaka kukutia presha. Kampuni inasema malipo yako njiani, na sisi tunaendesha magreda kwa ahadi. Nikiondoka sasa nimepoteza miezi yote miwili na kazi juu yake. Vumilia kidogo.

Habari ya Baba, ni umri na joto. Usiwe na wasiwasi mno. Nimemwandikia mwenyewe, barua iko ndani ya bahasha hii, mpe bila kuifungua.

Mumeo

*

Jumamosi, 7 Februari

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma na sijaichana, nimeshindwa.

Baba, nakuomba usizime hiyo mashine. Uniti ni namba. Nimeambiwa kucha zako zimekuwa za bluu. Daktari alisema saa ishirini na nne, hakusema ukipenda. Iache iwake, deni nitalilipa mimi hata kama ni kwa kuuza meno.

Mke wa mwanao anaona unazidi na hajui kwa nini. Sijamwambia. Uliniomba, nami nimeuziba mdomo wangu, lakini sipati usingizi. Kama huachi, nitamwambia. Nakupa wiki mbili.

Mwanao

*

Jumatano, 18 Februari

Baba Watoto,

Notisi imebandikwa mlangoni, nyekundu, mtaa mzima wameisoma kabla yangu. Ijumaa tarehe ishirini na saba wanakata. Nina siku tisa.

Nilikwenda. Ndiyo, nilikwenda ofisini kwao, umenikataza na nikaenda. Nilipanga foleni kuanzia saa moja mpaka saa saba. Nikamwambia karani, "Dada, nina mgonjwa wa mashine, mkikata mmemuua." Akasema leta barua ya daktari na nusu ya deni. Nikasema pia njooni mkague mita. Akaangalia kwenye kompyuta, akaona jina, akainua kichwa. "Huyu si yule Mzee Msoma Mita? Aliyetufundisha sisi?" Nikasema ndiye. Akauliza mwenyewe anasemaje, nikasema anasema mita haina ubaya. Akasema, "Basi mama, huyo akisema mita ni nzima, hatuna haja ya kutuma mtu." Wakacheka, yeye na mwenzake. Nami nikatoka.

Niliporudi nilimwambia Baba anisaidie, aandike mistari miwili tu aombe ukaguzi, wangekuja mbio kwa ajili yake. Nilipiga magoti, mume wangu. Alisema, "Nitaandika nini? Kwamba nilichowaambia watu maisha yangu yote ni uongo?" Halafu akaanza kukohoa, nikaenda kumletea maji.

Usiku nalala chini pembeni ya kitanda chake. Nimeufunga uzi kwenye kidole chake na mwisho mwingine kwenye changu, akihangaika niamke. Najua ni upumbavu. Nimekwisha, sina pa kushika. Nikifumba macho naona mkono unachomoa fyuzi na ile mashine inanyamaza.

Tafuta pesa. Kopa, omba, lia mbele ya mkubwa wako. Sijawahi kukuomba hivi.

Mkeo

*

Jumatano, 25 Februari

Mwanangu,

Wiki mbili ulizonipa zimepita, na hujasema. Nashukuru. Wewe ni mtu wa neno lako.

Keshokutwa wanakuja kukata. Nakuandikia ili ujue nilivyopanga, usije ukadhani mambo yalituangukia tu.

Sasa naweza kukaa saa tano bila mashine. Sikudanganyi, ni saa tano za taabu, lakini nimezikaa. Mkeo namtuma asubuhi na mapema hospitali akachukue barua ya daktari, halafu aende nayo ofisini na pesa aliyoipata. Alifurahi sana nilipokubali habari ya barua, alinishika mkono. Mimi nilikubali ili asiwepo. Sitaki aone. Kwenda na kurudi, na foleni, ni mpaka mchana. Akilipa nusu wanarudisha jioni. Kati ya hapo ni saa zile nilizozifanyia mazoezi.

Mkataji nitamsikia anapofungua kisanduku. Nitaizima mashine mwenyewe kabla hajagusa fyuzi. Mimi nimekata umeme wa watu mara nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwangu, na najua nyumba inavyonyamaza ghafla. Sitaki kunyamazishwa hivyo. Ninyooshe mkono wangu, nibonyeze, basi.

Kuna jambo linanizunguka. Mama Barafu alipita jana akaniambia mita yake inazidi kwenda polepole. Nilimuuliza ilianza kupunguza mwendo lini. Akasema mwezi wa kwanza, katikati. Nimelifikiria usiku kucha, kichwa siku hizi hakishiki vizuri, kinafika mahali kinateleza. Kuna hesabu hapo na siioni. Nikipata nguvu nitaifuata.

Wabusu watoto ukirudi, nao watakuwa wamekua.

Baba yako

*

Jumatano, 4 Machi

Kwako wewe,

Nakaa kwenye benchi la wodi, naandikia kwenye goti. Sijui nianze na lipi.

Ijumaa niliondoka saa kumi na mbili. Baba alinihimiza, "Wahi, binti yangu, wahi foleni." Alikuwa amechana nywele. Barua ya daktari niliipata saa nne. Ofisini nililipa nusu. Pesa nilikopa kwa wateja wangu wote wa nguo, nimewaahidi kazi ya bure mpaka Juni. Karani akaniambia, mama, umechelewa kidogo, fundi alishapita kwenu saa mbili, lakini jioni atarudisha. Saa mbili! Wakati huo ilikuwa saa saba na nusu. Sikumbuki nimefikaje nyumbani. Najua kiatu kimoja sikufika nacho.

Kwenye lango nimekuta maji. Maji yanatiririka kutoka chini ya mlango wa Mama Barafu, naye ndiyo kwanza karudi sokoni, amesimama katikati ameshika kichwa, "Wamenikatia mimi! Mimi sidaiwi, wamenikatia mimi! Barafu yangu yote!" Nilimpita. Sikuelewa neno hata moja, nilimpita kama nguzo.

Ndani pazia limefungwa kwa ajili ya joto, giza. Baba kwenye kiti. Mashine kimya. Na mkono wangu wenyewe, bila mimi kuutuma, kwa mazoea tu ya kuingia sebuleni, ukaenda ukutani ukabonyeza swichi.

Balbu ikawaka.

Ikawaka, mume wangu! Fyuzi ya kushoto imechomolewa, nimeiona kwa macho yangu wakati napita, karatasi nyekundu inaning'inia pale, na balbu inawaka ndani ya nyumba yangu. Baba alikuwa hai. Aliinua macho akaitazama ile balbu. Kisha akaitazama mashine, na kidole chake kikaelekea kwenye swichi yake, hakikufika. Niliirukia nikaiwasha. Ikanguruma vilevile kama siku zote.

Saa sita alikaa vile. Saa sita, na umeme uko ukutani unamngoja. Mtu mwingine yeyote, mimi, wewe, mtoto wetu wa mwisho, tungebonyeza tujaribu, hata kwa kukata tamaa tu. Yeye hakujaribu. Alimsikia mkataji akichomoa ya kushoto, na ya kushoto ni yetu, basi, imekwisha, hakuna umeme. Hakuwa mtu wa kujaribu kitu anachokijua.

Jumamosi walikuja mafundi watatu na bosi wao. Walifungua kile kisanduku, na hawakukaa dakika kumi. Siku ya kufunga mita mpya walizipishanisha nyaya. Ya kushoto inapeleka umeme kwa Mama Barafu, ya kulia inapeleka kwetu. Sisi tumelipia mafriza yake tangu Oktoba, naye amelipia pumzi za Baba. Ndiyo maana bili yake ilishuka. Kila Baba alipojinyima, yeye ndiye aliyepata nafuu, akatuletea na barafu. Bosi wao akasema samahani, mama. Mama Barafu kalia kuliko mimi. Yuko hapa sasa hivi, amelala sakafuni mlangoni mwa wodi, nimemfukuza mara mbili na hataki kuondoka. Hakujua. Hata nikitaka kumchukia nashindwa.

Wewe ulijua.

Barua yako ya tarehe saba nimeikuta chini ya godoro nilipokuwa natafuta shuka za kuleta hospitali. "Sijamwambia." Umeandika mwenyewe, kwa mwandiko wako mzuri. Mimi nafunga uzi kidoleni kwake usiku, nakuuliza kwa nini anazidi, nakuuliza wewe, na wewe unajua, unaniandikia ni umri na joto! Neno moja tu ningelipata. Nisingetoka nyumbani hata siku moja. Wateja wangetembea uchi, mimi nisingetoka.

Nimekaa na hilo siku nne. Kuna wakati nataka kukuchana kama karatasi. Kuna wakati nakumbuka kwamba na mimi niliuza friji bila kukwambia, na yeye alizima mashine bila kuniambia, na wewe ulifanya kazi bila mshahara bila kusema, na wote tulikuwa tunahurumiana. Sijui nifanye nini na huruma ya namna hiyo. Mimi imenichosha.

Baba bado anapumua. Moyo umechoka, daktari amesema hesabu yake sasa ni ya siku, tena chache. Wamemwekea mtungi mkubwa, hauna waya wala mita. Jana jioni alifungua macho akaniuliza saa ngapi, nikamwambia. Akauliza wewe uko wapi. Nikamwambia uko njiani.

Nimemdanganya, kwa hiyo sasa lifanye liwe kweli. Dereva wa lori nimemweleza yote, akavua kofia. Amesema kesho akishashusha dizeli hatangoja Jumatatu, anageuza saa ileile, na kiti cha mbele ni chako. Mshahara waachie, greda waachie.

Usikae kunijibu. Panda lori.

Mkeo